Hatua Nne Kutoka Kwenye Mashine

Rwambuzi, Jumapili baada ya ibada

Kavugho,

Umekwenda na mama yako mtaa wa Saio kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako hamtarudi kabla hajawalisha mara mbili. Kwa hiyo nina saa kadhaa peke yangu. Mashine imezimwa kwa sababu ni Jumapili. Nimekaa juu ya gunia la mahindi ya mteja, na karatasi nimeiweka kwenye ubao wa mizani. Kesho asubuhi motari atakuja na pikipiki yake kukupeleka uwanja wa ndege, na jioni utakuwa Kisangani. Nililo nalo ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini katika nyumba hii yenye mashine ya kusaga sisi sote husema kwa kupaza sauti, na jambo hili sitaki kulipazia sauti. Majirani wangelisikia kabla yako.

Sitakuambia uchemshe maji, wala uchague marafiki, wala ukumbuke kusali. Mama yako amesema hayo tangu mwezi uliopita, na nadhani hata mbuzi wa jirani ameshayashika kwa kichwa. Mimi nina jambo moja tu. Litachukua kurasa kadhaa kwa sababu ni la zamani, na kwa sababu naogopa kulifikia.

Jumatano ulikuwa mezani unajaza fomu ya chuo. Mama yako akakuuliza kama hutaogopa makelele ya karakana, maana wanaojifunza ufundi wa mitambo hushinda humo mchana kutwa. Ukacheka, ukamjibu: "Mama, masikio yangu, homa ilishaikula. Makelele itakuta tena nini ya kuharibu?" Mama yako akanitazama. Mimi nikainuka, nikaenda kutafuta bisibisi ambayo sikuihitaji. Ulipotoka nilirudi pale mezani nikasoma ulichoandika kwenye mstari wa magonjwa, kwa mwandiko wako mzuri: kusikia kidogo, sababu ni homa ya utotoni.

Sentensi hiyo nilikufundisha mimi. Sehemu yake ni uongo, na mwenye uongo huo ni mimi.

Mashine hii niliinunua mwaka ule ule uliozaliwa wewe. Mimi na mama yako tulikuwa tumetoka Butembo muda si mrefu, tukiwa na kiwanja hiki na nyumba ya vyumba viwili. Nilikuwa na haraka ya kuanza kazi. Nilijenga kibanda cha mashine nyuma, kikagusana na chumba cha kulala. Ukuta wa pili sikujenga. Nilipigilia mbao kwenye nguzo zile zile za nyumba, na mashine ilipokuja nikamwaga saruji yake mpaka ikazikamata nguzo hizo chini. Nilijiona mjanja. Upande mmoja wa mbao kulikuwa na motere, injini ya dizeli, na kinu, na upande wa pili kulikuwa na kitanda chetu, na juu ya kitanda ulikuwepo wewe, umelala mchana wakati mama yako anapokea wateja.

Aliyeniuzia mashine alikuwa fundi asiyependa maneno mengi. Aliniambia jambo moja tu: "Chini ya motere utie mpira. Bila mpira itakuvunjia nyumba." Nikatii. Nilikata vipande vinne vya tairi la lori, nikavitia chini ya miguu ya mashine. Bulon nne, bolti ndefu za chuma, zilikuwa zimesimikwa kwenye saruji. Zikapita katika mpira, zikapita katika miguu, na juu yake nikafunga ekru, nati za juu, kwa spana ya kle niliyoirefusha kwa kipande cha bomba ili nguvu iongezeke. Nilikaza mpaka mpira ukatokeza pembeni. Ufundi nilijifunza kwenye malori, na huko fundi anayeacha ekru bila kuikaza kabisa hapewi gari lingine. Nikafuta mikono, nikamwita mama yako aje kutazama.

Kosa hilo unalijua vizuri, maana ni wewe uliyelikuta baadaye. Mpira unafanya kazi yake kwa kusogea. Ukiubana mpaka ushindwe kusogea, ni kama hukuweka kitu. Na hata kama ungesogea, zile bulon zilikuwa chuma kitupu kutoka mguu wa mashine hadi kwenye saruji, na mtetemo ukapita humo bila kumwomba mtu ruhusa. Kutoka kwenye saruji ukapanda nguzo, na kutoka kwenye nguzo ukaingia mbao. Ukuta mzima wa chumba chetu ukawa unalia pamoja na motere. Tulikuwa tunaishi ndani ya ngoma, na mimi nilidhani kila nyumba yenye mashine inalia hivyo.

Wa kwanza kuniambia alikuwa jirani yetu Mama Ivoni. Unamjua leo akiwa bibi wa maandazi, lakini wakati ule alikuwa amefika tu kutoka upande wa Djugu, na watoto watano na kikapu kimoja cha vyombo. Alisimama mlangoni pa kibanda, akangoja nizime mashine, akasema: "Papa Kavugho, bikombe yangu iko natembea peke yake. Jana moja ilianguka." Kulikuwa na wateja. Nikamjibu: "Mama, miye nilitia mpira. Labda ni panya." Watu wakacheka. Naye akacheka kidogo, kwa heshima, akarudi kwake. Mama huyo alikuwa amekimbia vita na vikombe vile, na havikuvunjika njiani. Vilikuja kuvunjika hapa Rwambuzi, kwa sababu yangu, na mimi nikafanya mzaha.

Ulipokuwa na miaka mitatu uliugua homa kali. Hiyo ni kweli, na kinini, dawa ya malaria, uliyotundikiwa ni kweli pia. Ulirudi nyumbani mzima, unakula, unacheza, lakini mama yako akikuita kutoka nyuma hugeuki. Kwanza tukasema ni ukaidi, kwa kuwa babu yako mzaa baba ni mkaidi na mimi pia sikosi. Baada ya wiki mbili tukakupeleka kwa daktari. Alikuwa kijana, mpole, akakutazama masikio kwa taa ndogo, akapiga makofi nyuma yako, juu, chini. Kisha akaniuliza mimi, si mama yako.

"Homa na kinini inaweza kugusa masikio. Lakini nauliza kitu ingine. Kwa nyumba kuko makelele? Mutoto analalaka karibu na motere, ao na mashine?"

"Hapana, dokta," nikasema. "Mashine iko mbali."

"Mbali namna gani?"

"Mbali. Kule nyuma kabisa."

Mama yako alikuwa amekupakata, anasikia yote. Daktari akainama, akaandika homa.

Nimejieleza nafsini mwangu kwa miaka mingi kwa nini nilisema vile. Nilijiambia kwamba angeniamuru nifunge mashine, na mashine ndiyo iliyotulisha. Lakini daktari yule hakuniamuru kitu chochote. Aliuliza tu. Ukweli ni kwamba niliona haya. Fundi mzima, mtu ambaye mtaa mzima unamwita akitaka kitu kitengenezwe, niseme mbele ya mke wangu kwamba mtoto nimemlaza karibu na motere kama gunia? Ilikuwa rahisi zaidi kuisogeza mashine kwa mdomo.

Tulirudi juu ya pikipiki moja, wewe katikati. Tulipofika mama yako aliingia chumbani, akalikamata godoro, akaanza kulivuta kwenda chumba cha mbele. Nikataka kumsaidia. Akasema, "Acha. Miye nitabeba." Alipomaliza, nilibaki peke yangu mle ndani. Nikasimama mahali kichwa chako kilipokuwa kinalala, nikahesabu hatua hadi kwenye motere, nikizunguka kwa mlango mdogo wa kuingilia kibandani. Zilikuwa hatua nne, na wewe huwa unanicheka kwamba miguu yangu ni mifupi.

Kuanzia hapo uongo ukawa hadithi ya nyumbani. Shangazi yako alitoa ushuhuda kanisani kwamba Mungu alikunusuru na homa ikachukua masikio kidogo tu, na mimi nikasema amina pamoja na watu. Nilikwenda shuleni kila mwaka mpya kumwomba mwalimu akukalishe benchi la mbele, nikieleza: homa. Ulipokua ukaanza kueleza mwenyewe. Ulieleza vizuri kuliko mimi, bila kusitasita, kwa sababu wewe hukuwa unaficha kitu.

Halafu ikaja likizo ile ulipokuwa na miaka kumi na mitatu. Ulikuwa unashona midomo ya magunia, miguu mitupu kwenye saruji, na mimi nilikuwa nalalamika kwamba motere inatikisika kuliko kawaida. Ukaja karibu.

"Papa, juu haitikisike sana. Chini njo inatikisika."

"Chini namna gani?"

"Weka mukono hapa."

"Miye niko fundi mbele weye uzaliwe."

"Ndiyo, papa. Lakini weka mukono."

Nikaweka. Ukaushika mkono wangu, ukaupeleka kwanza kwenye saruji, kisha kwenye kile kipande cha tairi, kisha juu ya bulon. Saruji ilikuwa inachemka. Tairi lilikuwa limetulia kabisa, limekuwa gumu kama kwato. Bulon ilinipiga kiganjani mpaka nikaunyanyua mkono. Ukasema, "Ona, mpira imelala. Bulon njo inabeba yote." Ulikuwa na furaha ya mtu aliyemkamata baba yake. Mimi nilikuwa natazama zile ekru nilizozikaza mwenyewe kwa bomba, nikahesabu nyuma, miaka kumi na mitatu, siku kwa siku, hadi ulipokuwa mchanga upande ule wa mbao.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote nilizofanya kazi katika kibanda hiki. Unakumbuka jaribio la kwanza. Nilisema kama mpira mgumu ni mbaya, basi tutie mpira laini, nikapanga mikunjo sita ya mipira ya ndani ya magurudumu chini ya kila mguu. Tukawasha. Mashine ikaanza kucheza dansi, mkanda ukaruka nje, na mama mmoja aliyeleta mihogo mikavu akakimbia akaacha kapu lake. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Hilo nalo ni somo, ingawa lilikuja na aibu yake. Mpira mgumu mno unapitisha kila kitu, na ulio laini mno unaiacha mashine ifanye inavyotaka. Lazima ujue uzito unaoubeba na kasi ya motere, halafu utafute mpira wa kufaa hapo katikati, na mara nyingi utakosea kabla ya kuupata.

Tuliupata kwa muuza vyuma chakavu. Zilikuwa silenbloki nne za lori lililokufa, mpira mnene ulioshikamana na bamba la chuma juu na bamba jingine chini, bila chuma cha juu kugusana na cha chini popote. Ulizigeuza mkononi kwa muda mrefu. Ukaniambia bulon za zamani tuzikate zote, kwa maana hata moja ikibaki inapita kutoka juu hadi chini, kazi yote ni bure. Kisha tukachonga mfereji katika saruji kuitenga na nguzo za nyumba. Mfereji ulituchukua siku tatu za patasi na nyundo. Ulipokwisha, uliweka chupa ya maji sakafuni karibu na ukuta, ukaniambia niwashe. Tulipiga magoti sote wawili kutazama maji. Hayakutikisika.

Kesho yake Mama Ivoni alikuja mlangoni. "Papa Kavugho, mashine imekufa?"

"Hapana, mama. Iko nasaga."

Akaweka kiganja kwenye ukuta, akakiacha pale. Kisha akaenda zake, na baada ya muda akarudi na chai, katika kimoja cha vile vikombe vilivyobaki. Niliinywa yote. Sijawahi kunywa kitu kwa shida kiasi kile, na chai ilikuwa nzuri.

Siku ile ndiyo ningekuambia. Ulikuwa unazunguka kibandani unagusa kila kitu, nguzo, mbao, mizani, unasema, "Imetulia, papa, na hii imetulia." Wateja wote niliwaambia: huyu mtoto wangu ndiye aliyeona. Nilijisifu kwa ajili yako juma zima. Lile lililobaki sikulisema, kwamba kosa ulilolitengeneza lilikuwa limekwisha kukugusa wewe mwenyewe, na kwamba nilijua. Nilijiambia nisikuharibie furaha. Lakini niliyekuwa namlinda nilikuwa mimi.

Sijui ni kiasi gani cha masikio yako kilichukuliwa na homa, kiasi gani na kinini, na kiasi gani na ukuta wangu. Hakuna atakayejua sasa. Daktari yule angeweza kukisia kama angepewa jibu la kweli, na labda angetuambia nini cha kufanya mapema. Nilimnyima nafasi hiyo. Nilikunyima wewe.

Alhamisi asubuhi mama yako alinikuta natia mafuta kwenye motere. Akasema, "Utamwambia weye, ao nitamwambia miye?" Katika miaka yote hii hakuwahi kunigusia. Nikamwambia nitakuambia mimi. Nikafunga mashine mchana, wateja wakanung'unika, nikaenda kwa muuguzi wa zahanati nikamuuliza swali lako, kama makelele yanaweza kumdhuru mtu ambaye tayari hasikii vizuri. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kama mvua inamlowesha mtu aliyelowa. Akasema makelele hayachagui. Yanamdhuru mtu huyo sawa na mwingine, tofauti ni kwamba yeye amebakiwa na kidogo tu, nacho kinaweza kwenda.

Kwa hiyo ulilomwambia mama yako Jumatano si kweli. Masikio yako hayajakwisha. Kuna yaliyobaki, unayotumia kunisikia ninapokuita mezani, na karakana inaweza kuyachukua kama kibanda hiki kilivyochukua sehemu ya yale mengine. Ukiamini ni homa iliyoyala, utasimama kati ya mitambo yao bila kujikinga, ukicheka, na utakuwa umedanganywa na mimi. Ndiyo sababu siwezi kunyamaza mpaka utakapokuja likizo.

Katika sanduku lako, chini ya kitenge cha kijani, nimeweka vifuniko vya masikio, vile vikubwa vya plastiki wanavyovaa watu wa mashine za kupasua mawe. Nimevijaribu mwenyewe, nimesimama navyo karibu na kinu wakati tunasaga mihogo. Pete yake laini lazima iguse ngozi pande zote. Suka nywele zisipite chini yake, na uvue hereni, maana upenyo mdogo tu unaingiza kila kitu. Utaambiwa kwamba mitambo yao imewekwa juu ya mpira mzuri wa kiwandani, na huenda ni kweli. Mpira unazuia kinachopita katika chuma na saruji. Kinachopita hewani hauna habari nacho. Wavulana wakikucheka, waambie waweke mikono yao juu ya bulon zao wahisi kama zimetulia.

Pembeni ya vifuniko utakuta kipande kimoja cha lile tairi la kwanza, chenye tundu katikati na alama ya mguu wa mashine uliozama. Nilikificha siku tuliyokitoa. Sikujua kwa nini nakificha. Kitupe ukitaka.

Siandiki ili unisamehe kabla ndege haijaruka. Ukikasirika, kasirika, una haki. Ukinipigia simu ukiwa bado na hasira, nitapokea, na sitatafuta bisibisi. Nina haya, Kavugho. Nina haya tangu ulipokuwa na miaka mitatu, na ninakupenda tangu kabla ya hapo, na viwili hivyo vimekaa pamoja kifuani mwangu muda wote bila kimoja kumfukuza mwenzake.

Fomu yako nimeikunja ndani ya barua hii. Sikufuta kitu, ni mwandiko wako na ni masikio yako. Wamesema mtapimwa na daktari kabla ya kuingia chuoni. Atakuuliza maswali ambayo niliulizwa mimi, nami nakupa majibu niliyopaswa kuyatoa. Akiuliza kama nyumbani kulikuwa na makelele, mwambie ndiyo. Akiuliza kama mashine ilikuwa mbali, mwambie hapana. Na akiuliza namna gani, mwambie hatua nne, baba yako alizihesabu mwenyewe.

Papa